Mstari Uliompeleka Zamu Juu ya Mkurugenzi

Miaka michache iliyopita nilikuwa nafanya kazi Kigobe, mtaa wa Bujumbura, katika ofisi ndogo ya chama kilichofundisha akina mama kutengeneza sabuni. Nyumba tuliyokodi ilikuwa nyuma ya majengo makubwa ya serikali, kwa hiyo kila wiki kulikuwa na mtu wa suti aliyepotea njia akaingia kwetu, akauliza ofisi ya waziri iko wapi, na sisi tukamwonyesha ndoo. Wengine walinunua sabuni kwa aibu, wakaondoka nayo chini ya faili.

Mimi nilikuwa naitwa asistanti. Maana yake ni kwamba kazi yoyote isiyo na mwenyewe ilikuwa yangu: barua, chai ya wageni, mashine ya kuchapisha inayokwama, na paka aliyezalia ndani ya kabati la faili.

Mkurugenzi wetu alikuwa mtu mwema, nadhifu, mpole hata kwa paka yule. Alikuwa na kasoro moja tu: hajawahi katika maisha yake kukubali kwamba amekosea. Siku moja alikuja kazini kiatu kimoja cheusi, kingine cha kahawia. Tulipomtazama miguu, alisema daktari amemshauri azoeze kila mguu peke yake. Tukamwambia pole.

Siku ya Jumanne alikuja mezani kwangu akasema, "Alhamisi baraza lote linakuja. Nataka oganigramu."

"Oganigramu ya nini, Patroni?"

"Yetu. Kila mutu kwenye kisanduku chake, na mistari ya kuonyesha nani iko chini ya nani. Kwenye slaidi moja. Nzuri."

Sikuwahi kuchora oganigramu, lakini sikusema. Nilifungua kompyuta nikaanza na visanduku, na visanduku havikunisumbua. Juu kabisa niliweka Baraza. Chini yake, katikati, Mkurugenzi. Chini ya Mkurugenzi niliweka vinne kwa safu: Jikoni, Mafunzo, Mauzo, na Zamu. Zamu ndivyo tunavyomwita mlinzi wa getini huku Bujumbura. Chini ya Jikoni nikaongeza kimoja kidogo, Stoo, kwa sababu stoo ilikuwa mikononi mwa mama wa jikoni na hakuna aliyethubutu kuingia bila ruhusa yake.

Shida ilianza kwenye mistari. Nilichukua mstari wa kawaida, nikauanzisha kwa Mkurugenzi nikauvuta mpaka Mafunzo. Ukaishia hewani kabla ya kufika, umbali wa unywele. Nikauongeza kidogo, ukachoma kisanduku mpaka katikati ya herufi. Nikaupunguza, ukalala upande kama kamba ya kuanikia nguo. Nilikuwa nabana pumzi kila ninapogusa kipanya, na mtu akipita nyuma yangu akisema habari za asubuhi, mkono unaruka, mstari unaenda kupiga kwenye Baraza. Siku mbili nzima nilifanya kazi hiyo. Mwisho wa Jumatano kila mstari ulikuwa umegusa kila kisanduku sawasawa, kwa jicho langu, na nikabeba kompyuta nyumbani Buyenzi nimwonyeshe mama.

Mama alitazama kwa muda, akafuta kioo kwa ncha ya mtandio wake. "Mashallah, ni nzuri," akasema. "Ila ni nini?"

Nikamwambia ni ofisi yetu. Akatazama tena akauliza kwa nini hatuna madirisha.

Alhamisi asubuhi niliiacha kompyuta mezani ikiwa wazi, nikaenda jikoni kupanga vikombe. Mkurugenzi akakaa kwenye kiti changu. Alinisimulia mwenyewe baadaye, kwa fahari, alichofanya, na kwa sababu hiyo najua hatua zote. Kwanza aliona kisanduku chake ni kidogo, akakipanua. Kilipopanuka kikabanana na Baraza. Akatafuta mahali penye nafasi, akaona chini kushoto pangefaa kama si kile kisanduku cha Stoo. Wageni wana haja gani ya kujua stoo? Akakifuta. Akajiburuta mpaka pale, chini ya Jikoni, akakaa kwa upana wake wote. Alisema mkurugenzi ndiye msingi wa nyumba, na msingi hukaa chini. Sasa katikati ya mchoro pakabaki tundu. Akatafuta kisanduku kifupi cha kuliziba, akaona Zamu anatosha. Akampandisha.

Mistari haikutikisika. Niliichora kwa mkono, haikuwa imeshika kitu chochote, kwa hiyo ilibaki mahali nilipoiacha, ikingoja yeyote atakayewekwa mbele yake.

"Basi!" Mkurugenzi akajisemea, akahifadhi, akafunga.

Wajumbe wa baraza walikuwa saba. Mwenyekiti wao alikuwa mzee wa Kiarabu, mfanyabiashara wa vitambaa, ambaye babu zake walifungua duka mjini zamani sana, na sote tulimwita Hadji. Alikaa mstari wa mbele kabisa kwa sababu ya macho, miwani mbili shingoni, moja ya mbali na moja ya karibu. Tulitundika shuka jeupe ukutani, tukafunga mapazia, nikabonyeza.

Oganigramu ikatokea, upana wa mita mbili.

Mstari ulishuka kutoka Baraza, ukanyooka vizuri kabisa, ukaingia kichwani mwa Zamu. Kutoka kwa Zamu mistari ikatawanyika kwenda Jikoni, Mafunzo na Mauzo, na mmoja ukaenda pale Zamu alipokuwa zamani, ukaishia kwenye shuka tupu. Kutoka Jikoni mstari mfupi, uliokuwa wa Stoo, ulishuka ukamgusa Mkurugenzi. Na Mkurugenzi alikuwa mkubwa kuliko wote, pale chini, kama godoro lililotolewa nje.

Mtu wa mauzo alikohoa. Mimi nilisimama na kebo mkononi, nikitafuta jinsi ya kuzimia bila kuangusha projekta.

Hadji akavaa miwani ya mbali, akavua, akavaa ya karibu, akasogea mpaka pua yake ikakaribia shuka, akasoma kwa sauti, taratibu. "Baraza. Halafu Zamu. Halafu Jikoni. Halafu..." Akageuka. "Mkurugenzi, nimesoma vizuri?"

Sote tukamtazama Mkurugenzi. Nilimwomba Mungu amtie neno moja tu mdomoni, aseme mashine imeharibika, aseme asistanti ni mjinga, aseme chochote. Mkurugenzi aliiangalia slaidi. Akanyoosha tai.

"Umesoma vizuri kabisa, Hadji," akasema. "Ni mfumo mpya."

Halafu Hadji akapiga mapaja yake kwa mikono miwili.

"Alhamdulillahi! Maisha yangu yote niko dukani, na kila siku nasema anayejua biashara ni yule anayekaa mlangoni. Yeye ndiye anayeona nani anaingia, nani anatoka, na amebeba nini. Wasomi wote wananicheka. Leo ndiyo mara ya kwanza naona msomi ameelewa!" Akawageukia wenzake. "Hii tuisaini leo. Ipigwe kashe, itiwe kioo, itundikwe mlangoni. Na huyo zamu mumwite hapa nimpe mkono."

Zamu wetu alikuwa mzee wa miaka sitini na kitu, mwenyeji wa Uvira, Kongo, aliyekuja Bujumbura na familia yake wakati wa vita. Kanisani kwake alikuwa kiongozi wa kwaya, na sauti yake ilifaa zaidi kwaya kuliko geti. Alipoingia ndani akakuta chumba chenye giza na watu wa heshima wamemkodolea macho, alivua kofia akasema kabla hajaulizwa, "Mi sikulala!"

"Hakuna aliyesema umelala, Muzee," nikamwambia.

"Hata kidogo! Nilifunga macho kwa sababu ya vumbi."

Hadji akamshika mkono, akamvuta mpaka kwenye shuka, akamwonyesha kisanduku cha katikati. "Huyu ni wewe."

Zamu akatazama. Alikuwa anasoma Biblia ya Kiswahili kila siku, hivyo kusoma alijua. Akafuata mistari kwa kidole, kivuli cha kidole kikapita juu ya Mafunzo, juu ya Mauzo, kikateremka.

"Na huyu mukubwa wa huku chini, ni nani?"

"Ni Mkurugenzi," akasema Hadji.

Zamu akamgeukia Mkurugenzi, na kwa huruma ya kweli akamwambia, "Pole sana, Patroni."

Wageni walipoondoka nilimfuata Mkurugenzi ofisini kwake. "Patroni, hii mistari nimekosea mimi. Ulipohamisha visanduku, yenyewe haikufuata. Niruhusu nirekebishe kabla ya kutiwa kioo."

"Kosa gani?" akaniuliza, bila kunitazama. "Hakuna kosa. Hujasikia Hadji amefurahi?"

Kwa hiyo ikatiwa kioo. Tuliitundika ukutani, ikiwa na saini saba na kashe ya zambarau, yaani muhuri wa ofisi, ikitazamana na geti.

Jumatatu yake, Zamu alikuja kazini na tai. Juu ya tai alivaa koti lake lile lile la kaki, na mkononi alikuwa na daftari jipya. Saa moja na nusu asubuhi alifunga geti akatukusanya uani. Alisema amewaza sana tangu Alhamisi, ameomba sana, na hatakwepa mzigo aliopewa. Tungeanza kila siku kwa wimbo. Akatupanga kwa sauti. Mtu wa mauzo, mwembamba mwenye sauti ya kuku, aliwekwa besi kwa sababu ya urefu. Mwalimu wa mafunzo akawa wa sauti ya kwanza. Aliponifikia mimi akafikiri kidogo.

"We ni Muislamu, mutoto yangu. We utapiga makofi tu."

Nikapiga makofi. Siwezi kusema uongo, tulikuwa wabaya, lakini si wabaya kama nilivyotarajia. Watu wa suti waliokuwa wakipita walisimama getini kusikiliza.

Saa mbili na robo Mkurugenzi akafika na gari lake, akapiga honi kama kawaida yake. Zamu alikwenda getini kwa mwendo wa taratibu, akafungua kile kidirisha kidogo cha kuchungulia.

"Bonjour, Patroni. Saa mbili imeshapita."

"Najua. Fungua."

"Kwa nini umechelewa?"

Kupitia kidirisha kile, juu ya bega la Zamu, tulimwona Mkurugenzi amegandia usukani. Nadhani pale ndipo alipokuwa na nafasi ya mwisho ya kusema kwamba mchoro ni upuuzi. Lakini wanafunzi wa sabuni walikuwa wanamsikiliza, na mtu mmoja wa suti naye alikuwa anasikiliza.

"Njia ilikuwa imejaa," akasema.

"Andika."

Na Mkurugenzi akaandika barua ya maelezo juu ya usukani, ukurasa mzima, kwa Kifaransa kizuri, akaipitisha kidirishani. Zamu aliipokea kwa mikono miwili, akaitazama kama mtu anayejua Kifaransa, akaikunja akaiweka ndani ya daftari. Kisha akafungua geti na kumpigia saluti.

Mama wa jikoni naye hakukaa nyuma. Alikuwa mwanamke wa Nyakabiga, mcheshi, mwenye mikono kama ya mpiga makasia, na alikuwa ameusoma ule mchoro vizuri kuliko sote. Siku ya pili, saa nne, alimtokea Mkurugenzi ofisini na ungo wa mchele.

"Patroni, ukutani wameandika niko na mutu mumoja chini yangu. Nimezunguka nyumba yote nikimutafuta. Kumbe ni we."

"Ndiyo hivyo," akasema Mkurugenzi kwa sauti ndogo.

"Ego, ndiyo. Basi nitolee mawe kwenye huu mchele."

Alikuwa anatania. Aliniapia baadaye kwamba alikuwa anatania, na kwamba alikwishaanza kugeuka aondoke na ungo wake. Lakini Mkurugenzi aliupokea, akasogeza faili, akaanza. Tatizo lilikuwa kwamba aliweza. Alikuwa na macho makali na subira, akatoa mawe ambayo mama wa jikoni asingeyaona, akayapanga kwenye sahani kwa ukubwa. Tangu siku hiyo mchele ulipelekwa kwake kila asubuhi, na mgeni akiingia akamkuta na ungo, alikuwa anasema, bila kupepesa, kwamba yuko kwenye kazi ya uwanjani.

Mimi sikuwa na raha. Wengine walicheka, lakini mimi kila nikipita chini ya kile kioo nilikuwa naona mistari yangu miwili mitatu ilivyovuruga nyumba ya watu. Niliapa kuchora upya, na kuchora sawasawa, ili siku Mkurugenzi atakapochoka na mchele, mchoro wa kweli uwe tayari. Nikafungua faili. Nikamrudisha Mkurugenzi juu: mistari ikabaki chini. Nikahamisha mistari mmoja mmoja: ikapinda. Nikajaribu kuvifunga vitu vyote pamoja, na nilipovuta kisanduku kimoja, ofisi nzima ikatoka nje ya ukurasa.

Jumamosi nikabeba kompyuta kwenda kwa mjomba wangu. Mjomba ni fundi umeme wa magari, ana gereji hapo hapo Buyenzi, katikati ya maduka ya vipuri. Kompyuta haijui. Lakini yeye huchora: kabla hajagusa gari lenye matatizo ya umeme, huchukua kipande cha boksi akachora betri, taa, honi, na nyaya zinazoviunganisha, na sijawahi kuona mstari wake umeishia hewani.

Alifuta mikono kwa kitambaa, akakaa juu ya tairi, akanitazama nikivuta kisanduku cha Mkurugenzi huku mistari ikibaki nyuma.

"Hizi nyaya umezifunga wapi?" akauliza.

"Sijazifunga, Mjomba. Nimeziweka tu karibu."

Alinitazama kama vile nimemwambia naendesha gari bila magurudumu. "Umeweka waya *karibu* na betri?"

"Ni mchoro tu, Mjomba."

"Apana. Mchoro ama gari ni moja. Hiki kisanduku, bone zake ziko wapi?" Bone ndizo zile ncha za betri ambapo waya hukazwa.

"Kisanduku hakina bone."

"Kila kitu kiko na bone. Tafuta."

Nikataka kumwonyesha kwamba hakina. Safari hii nikachagua mstari mwingine, ule wenye mshale uliokuwa mwisho kabisa wa orodha ambao sikuwahi kuugusa, nikausogeza taratibu juu ya kisanduku. Kwenye kila ubavu wa kisanduku kikatokea kidoti kidogo. Vinne. Juu, chini, kushoto, kulia. Nikausogeza mkono, vikapotea. Nikaurudisha, vikatokea.

"Si hizo hapo," akasema mjomba, akapiga chafya.

Nikauanzisha mstari kwenye kidoti kimoja nikauachia kwenye kidoti cha kisanduku kingine. Ncha zake zikageuka rangi. Nikashika kisanduku cha Mkurugenzi, nikakivuta. Mstari ukamfuata! Nikampeleka kona ya juu, ukarefuka ukamfuata. Nikampeleka chini, ukajikunja ukamfuata. Nilipiga kelele, na mafundi wote wa jirani wakadhani gari limeniangukia, wakaja wakikimbia na spana.

Walipoona ni kompyuta hawakuondoka. Walijipanga nyuma yangu, kumi na zaidi, wenye mafuta mpaka kwenye nyusi.

"Dada, mupeleke kule tena!"

Nikampeleka.

"Angalia, angalia, haimwachi! Muzungushe!"

Nikamzungusha Mkurugenzi ukurasa mzima, mstari wake ukimfuata kama mbuzi kwenye kamba, na wale watu wazima wakashangilia kila alipopiga kona. Fundi wa breki aliomba ajaribu yeye, akanawa mikono kwanza kwa petroli. Mwingine akauliza kama inawezekana kumtoa kabisa nje, nikasema ndiyo, akasema basi atolewe, wakamtoa, wakamrudisha.

Halafu wakataka gereji yao ichorwe. Hilo lilikuwa kosa. Nilichora kisanduku cha mjomba, nikachora cha mwenzake anayeshughulika na injini, na kabla sijavuta mstari hata mmoja wawili hao walikuwa wamesimama.

"Bila injini, taa yako itamulika nini?" akauliza wa injini.

"Bila moto wa betri, injini yako ni chuma cha kukalia," akajibu mjomba.

Wamefanya kazi pamoja tangu sijazaliwa na sijawahi kuwasikia wakigombana. Nikawaweka sambamba. Mmoja akasema kisanduku cha mwenzake ni kipana. Nikavipima. Mwishowe nikafunga kompyuta, nikasema betri imekwisha, na mjomba, ambaye alikuwa amekaa katikati ya betri kama thelathini, akanitazama tu.

Jumatatu niliuchora upya mchoro wa ofisi kwa mistari inayoshika, bado kwa ule mpangilio uliosainiwa, Zamu katikati na Mkurugenzi chini, nikasubiri siku yake. Sikungoja sana, lakini aliyekuja si niliyemtarajia.

Ilikuwa baada ya mkutano kuhusu rangi ya karatasi ya kufungia sabuni. Mkutano ulichukua saa tatu. Kwa kuwa mistari yote ilikwenda kwa Zamu, wote walimgeukia yeye. Mafunzo walitaka kijani, Mauzo walitaka njano. Zamu aliuliza kama sabuni inaosha vizuri. Wakasema ndiyo. Akauliza basi shida ni nini. Wakamweleza tena tangu mwanzo. Alipotoka alikuwa amelegeza tai mpaka tumboni. Akavuta kiti mbele yangu, akakaa kwa uzito.

"Mutoto yangu, wanasema we ndiye unachoraka hii kitu."

"Ndiyo, Muzee."

"Hii kazi ya kuwa mukubwa haina mwisho. Getini mutu anakuja, namuuliza unaenda wapi, ananiambia, imekwisha. Huku ndani nauliza swali moja, wananipa mengine sita. Juzi mutu ya mauzo ameniletea shida ya bibi yake. Bibi yake! Na kwaya yangu ya kanisani sijaiona Jumamosi mbili." Akaegemea mbele. "Nirudishe chini."

"Na Mkurugenzi?"

"Yeye amezoea. Mupandishe."

Nikafungua faili, nikageuza kompyuta aone. Nikashika kisanduku chake nikakivuta kwenda chini, mahali pake pa zamani. Mistari yote ikamfuata. Ule wa Baraza ukarefuka ukashuka mpaka kwake, ya Jikoni, Mafunzo na Mauzo ikajipinda ikamfuata. Nikampandisha Mkurugenzi juu katikati, na mstari wa Jikoni ukapanda naye, ukiwa bado umemshika kama mkia.

Zamu akasogeza uso. "Nimeshuka, lakini bado wananishika."

"Ni kwa sababu nimekukaza," nikamwambia. Wiki nzima nilikuwa nimefurahia mistari isiyoachia, na sikuwa nimejifunza jinsi ya kuachisha.

"Nifungue, basi!"

Nikabonyeza mstari wa Baraza. Ncha zake mbili zikatokea. Nikaishika ya chini, nikaivuta kutoka kwake, ikang'oka, nikaipeleka kwa Mkurugenzi. Zamu akashusha pumzi kwa sauti. Nikang'oa wa Jikoni, halafu wa Mafunzo. Akashusha nyingine. Wa Mauzo ulipotoka alisema "Bwana asifiwe" na kuvua tai kabisa, akaiviringisha, akaitia mfukoni. Mwisho nikamwachia mstari mmoja tu, wa kumwunganisha na Mkurugenzi kama wenzake. Aliuchunguza, akaukubali.

"Niongezee kamoja," akasema. "Kadogo. Kutoka kwangu mpaka jikoni."

"Wa nini, Muzee? Mama wa jikoni si mkubwa wako."

"Najua. Ni wa chai. Tangu nipande, wamekuwa wakinipa kikombe cha pili. Sitaki wakisahau."

Nikamchorea, wa nukta nukta, ili usifanane na ile ya kazi.

Mkurugenzi alipouona mchoro mpya alisimama mbele yake, ungo kwapani. Akasema kwamba mfumo wa kwanza ulikuwa wa majaribio, na majaribio yamefaulu, kwa hiyo umekwisha. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya chini, kama huu mstari wake na Jikoni ni lazima ubadilike upande. Nikamwambia ndiyo, sasa Jikoni iko chini yake. Akasema sawa, ila mchele ataendelea nao, maana hapendi kuacha kazi katikati.

Hadji alikuja kusaini wiki iliyofuata. Alivaa miwani ya karibu, akasoma kutoka juu mpaka chini, na alipomkuta Zamu chini akaonekana ameumia kidogo. Zamu mwenyewe akamweleza, kwa ufupi, habari za mkutano wa rangi. Hadji, ambaye ameishi na mikutano maisha yake yote, akamshika bega. Kisha kidole chake kikafika kwenye zile nukta nukta.

"Na huu uliokatika katika, Mkurugenzi, ni wa nini?"

Mkurugenzi akafungua mdomo. Nilijua kitakachotoka kitakuwa kirefu na cha Kifaransa. Lakini alitazama zile nukta, akamtazama Zamu, akamtazama mama wa jikoni aliyesimama mlangoni mikono kiunoni.

"Hiyo ni chai, Hadji," akasema.

Hadji akatikisa kichwa kukubali, akatia saini, akachukua kashe akaipiga mwenyewe kwa nguvu mpaka meza ikaruka, halafu akauliza kama hiyo chai bado ipo.